Sisi majirani hatuulizwi?

Mhariri,

Mwezi uliopita sikufungua kibanda changu cha ushonaji asubuhi. Nilimsindikiza binti wa jirani kwenda kuomba kitambulisho, maana ametimiza miaka 18. Alikuwa amebeba bahasha ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha kifo cha mama yake na nakala ya kitambulisho cha marehemu. Ofisi sitaitaja, kwa kuwa karani yule alikuwa akifuata alichoelekezwa na sina ugomvi naye.

"Kwenu ni wapi?" akamuuliza.

"Kariobangi Kusini."

"Hapo ndipo unapoishi. Nauliza kwenu. Ushago."

Binti akanigeukia. Mama yake alitoka Busia. Baba yake alikuwa mtu wa Marsabit, akaondoka mtoto akiwa bado anatambaa, na hatujasikia habari zake tangu siku hiyo. Yeye mwenyewe hajawahi kulala nje ya Nairobi. Karani akasema alete kitambulisho cha baba, au cha babu, au barua ya chifu wa huko baba alikotoka. Bahasha ikarudishwa bila nakala ya kitambulisho cha mama kutolewa ndani. Mimi niliyekaa naye kwenye benchi saa tatu nzima sikuulizwa hata jina.

Ningeulizwa, ningekuwa na mengi ya kusema. Sare yake ya darasa la kwanza nilishona mimi, na kwa ombi la mama yake nikaacha upindo mpana ili ivaliwe miaka mingi. Upindo huo nimeuteremsha mara tatu. Kila nilipoufumua, alama ya mshono wa zamani ilibaki kwenye kitambaa, na ukitazama mistari ile ungeweza kusoma jinsi mtoto alivyorefuka mwaka hadi mwaka. Mama alipofariki, binti akiwa kidato cha pili, chama chetu cha akina mama kilichanga pesa za jeneza na gari. Mwenye ploti alisamehe kodi ya miezi miwili. Tangu hapo amelala kwa mama mmoja wa mlango wa pili, na karo tumeichangia wengi. Huyo ndiye mtu ambaye nchi inasema haijui ametoka wapi.

Mhariri, jambo hili linanichoma kwa sababu Katiba yetu ya 2010 imeshalijibu. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia. Mama au baba, mmoja anatosha. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata pasipoti na hati nyingine za usajili. Mama wa binti huyu alikuwa raia na alipiga kura. Kwa nini basi mtoto atumwe kumtafuta mwanamume aliyemkimbia, ndipo nchi imkubali?

Nadhani shina la mambo haya ni refu. Kipande cha wakati wa mkoloni, yaani kitambulisho cha lazima ambacho wanaume Waafrika walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kiliandikwa kabila la mtu, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Kilitengenezwa ili mtu asitoroke kazi, na Nairobi ilihesabiwa kuwa mahali pa kufanya kazi tu, kwao ni reserve, yaani eneo lililotengewa kabila lake. Kipande kile kiliondolewa kabla ya uhuru, lakini Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, imeendelea kuweka kabila au asili miongoni mwa mambo ya kuandikishwa.

Wakazi wa jiji hili walishaona mbali kuliko fomu hizo. Mwaka 1921 Harry Thuku alianzisha chama kwa jina la kabila lake, na mwaka huohuo kikabadilishwa jina kuwa East African Association, ili mfanyakazi yeyote wa Nairobi ajione ndani yake. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Alipokamatwa, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na tarehe 16 Machi 1922 ukamiminiwa risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka pia kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Ngong, ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, na Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi. Nilikuwa msichana, na kila redio ya mtaani ilikuwa kwenye kesi hiyo. Sisemi ukoo hauna haki kwa mtu wake. Mimi mwenyewe nina kwetu, na huko ndiko nitakakozikwa. Ila yule aliulizwa akiwa maiti, na alikuwa na ukoo wa kumgombania. Binti huyu yuko hai, na ukoo pekee uliowahi kumgombania ni ploti yetu.

Najua hofu ya wakuu wa usalama. Nilikuwa mjini tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, na vumbi lile sijalisahau. Lakini anayetaka kujua kama mtu ni mgeni aliyejipenyeza, nani atamwambia ukweli zaidi kuliko jirani wa miaka 18? Chifu wa mbali ambaye hajawahi kumwona atathibitisha nini?

Serikali imeonyesha kwamba ikitaka inaweza. Wamakonde, jamii yenye asili ya Msumbiji iliyoishi nchini miaka mingi bila uraia, walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 na wakakubaliwa kuwa raia. Mwaka 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada, yaani kuhojiwa zaidi ya wengine wanapoomba kitambulisho, kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Naomba hatua hiyo ifike na kwa watoto wa mitaa ya Nairobi: kitambulisho cha mzazi mmoja kitoshe kama Katiba inavyosema, na pale ambapo karatasi zimepungua, wanaomjua mtu waitwe na waape. Mwalimu wake aapishwe. Mwenye ploti aapishwe. Mimi pia niapishwe, na nikidanganya nishtakiwe.

Kwa sasa binti ana barua ya chuo iliyomtaka aripoti na nambari ya kitambulisho, na bila nambari hiyo hawezi kuomba mkopo wa masomo. Laini ya simu anayotumia imesajiliwa kwa jina langu. Jumatatu tunarudi ofisini na bahasha ileile, na safari hii tunakwenda naye majirani sita.

Fundi cherehani,
Kariobangi Kusini, Nairobi