Punguzo la ada lipo, ila nibadili kanisa?

Ndugu mhariri, jambo sana. Na kwenu wasomaji, hasa mliopita kwenye vyuo vikuu vya makanisa, jambo.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi. Nina miaka 36, nina mume, na mapasa wa miaka sita. Mwenye mapacha anajua: viatu jozi mbili, ada mbili, surua mara mbili. Nalitaja mapema kwa sababu hesabu yangu yote inaanzia hapo.

Diploma yangu ni ya mfumo wa zamani, miaka mitatu ya graduati na miwili ya lisansi. Niliipata kabla LMD (mfumo mpya wa lisansi, masta na doktora) haijaingia vyuoni mwaka wa masomo 2021-2022. Wakati ule mwenye lisansi alikuwa msomi kamili, mtaa mzima ulimletea barua zake amwandikie. Sasa vijana wanamaliza lisansi kwa miaka mitatu, wanaongeza miwili ya masta (uzamili, kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania), na mimi niliyekaa miaka mitano chuoni naulizwa masta yangu iko wapi. Rafiki yangu anayefundisha kwenye taasisi moja ya ualimu hakunificha: nafasi za asistanti (mhadhiri msaidizi) zitatoka, lakini faili isiyo na masta haitafika hata mezani.

Nataka kusoma usimamizi wa elimu. Chuo cha Leta (serikali) nilikouliza kwanza walinitajia bei iliyonifanya nishukuru na kuaga. Ndipo mume wangu akanikumbusha chuo kikuu cha kanisa lao, hapa hapa mjini. Sitakitaja, maana nitakayoyasema mengine si mazuri na sina ugomvi nacho. Pale masta ni dola 1,100 kwa mwaka, inalipwa kwa tranchi (awamu) tatu, na masomo ni jioni na Jumamosi. Mimi nina 1,200: dola 360 za likelemba (tuko kumi na wawili, kila mmoja anatoa 30 kwa mwezi, na zamu imenifikia), na 840 nilizoweka kwa miaka mitatu nikifundisha majumbani watoto wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa. Mwaka wa kwanza nitaulipa. Wa pili, Mungu anajua.

Kabla ya kutoa hata franka moja niliwatafuta watu waliosoma pale. Mwalimu wa historia haamini shahidi mmoja.

Wa kwanza ni muuguzi, yuko mwaka wa pili. Alikisifu chuo mpaka nikaona aibu kumkatiza. Maprofesa wanakuja saa yao, mgomo hajauona, na kitu kilichomgusa zaidi ni kwamba hakuna aliyemwomba chochote kwa ajili ya pointi. Wanawake wenzangu mnaujua mzaha wetu wa vyuoni kuhusu "pointi zinazoambukizwa kwa ngono". Tunaucheka kwa kuwa kulia kumetuchosha. Nilipokuwa graduati ya pili niliwahi kurudia mtihani mmoja mara tatu, na sababu haikuwa kwamba silijui somo. Kwa hiyo aliponiambia vile, nusu ya moyo wangu ilikuwa imeshajiandikisha.

Wa pili alinirudisha chini. Huyu alimaliza masomo yote mwaka 2022 na hadi leo hajatetea memwari (tasnifu) yake. Promota wake, yaani profesa anayemsimamia, anakaa Kinshasa, anakuja kwa ndege mara mbili kwa mwaka, anafundisha saa arobaini na tano kwa wiki moja kama mtu anayefukuzwa, kisha anaondoka. Sura ya pili ya memwari ilirudi ikiwa na maelekezo kwa sauti, dakika nne, nyuma yake watoto wanalia na jenereta inanguruma. Na kila mwaka asiotetea, analipa uandikishaji upya. Aliniambia neno ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Mama, usiulize mwaka ni bei gani. Uliza ni miaka mingapi."

Wa tatu anafanya kazi ofisi ya wafanyakazi katika kampuni moja ya madini, barabara ya Likasi. Nilimuuliza kama waajiri walikidharau chuo chake. Akacheka. Hawakukitazama kabisa, walimuuliza kama anajua Excel. Ibada ya Jumatano ni ya lazima kwa wote, naye alikuwa anasaini karatasi ya mahudhurio kisha anakaa nyuma kabisa na kusinzia. "Usingizi mzuri sana," akasema, "muziki wa taratibu."

Wa nne, mama mmoja, aliacha baada ya mwaka wa kwanza, na sababu yake ni maktaba. Alisema alihesabu matoleo kumi na moja ya Biblia na kitabu kimoja cha takwimu, nacho kimechanwa katikati. Labda alitia chumvi. Nilikwenda kuangalia mwenyewe nikakuta maktaba imefungwa, saa nane mchana, siku ya Jumanne.

Siku hiyo nilipita pia kwa sekretari kuuliza jambo ambalo mjomba wangu alinisisitizia: karatasi. Chuo binafsi kinaweza kuwa na idhini yake sawasawa, lakini idhini inatolewa na kwa programu pia, siyo kwa jina la chuo peke yake. Sekretari alinionyesha amri ya Rais ikiwa kwenye fremu ukutani, kioo kimefutwa kinang'aa. Nikaisoma yote, mazoea ya kazi. Inataja vitivo. Masta ya usimamizi wa elimu haimo, na haiwezi kuwamo, kwa kuwa ni ya juzi. Nikauliza hati ya waziri kwa programu hiyo. Jibu: "Iko Kinshasa, inafuatiliwa." Nikauliza pia, mimi wa lisansi ya zamani naingia masta ya kwanza au ya pili? Dirisha moja wakasema ya kwanza, dirisha la pili wakasema ya pili. Tofauti ya madirisha hayo mawili ni dola 1,100.

Mjomba mwenyewe alisoma hapa enzi za UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire) na hapendi kusikia vyuo vya makanisa vikidharauliwa. Anasema watu wanadhani vilianza juzi na mikopo ya wachungaji, wakati Lovanium ya Wakatoliki ilifunguliwa 1954, kabla hata ya chuo rasmi cha hapa Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), na Waprotestanti wakafungua chao Kisangani mwaka 1963. Ni Mobutu aliyeviunganisha vyote vitatu mwaka 1971 kuwa UNAZA. "Serikali ndiyo iliyochukua vyuo vya kanisa," anasema, "kanisa halikuchukua cha mtu." Na anaitaja UCB, chuo kikuu cha Wakatoliki cha Bukavu, ya tangu 1989, kama anayemtaja mtoto wa dada yake aliyefaulu. Namsikia. Ila UCB siyo ninakokwenda, na mjomba halipi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonikalisha niandike.

Chuo kinawapa washiriki wa kanisa punguzo la asilimia 30. Badala ya 1,100 nitalipa 770, na dola 430 zinabaki kwa mwaka wa pili, zaidi ya nusu ya ada yake. Kinachotakiwa ni barua ya mchungaji inayosema kwamba fulani ni "mshiriki kamili, anayeshiriki Meza ya Bwana". Mimi ni Mkatoliki. Nimebatizwa mtoto, naimba kwaya ya parokia, sauti ya pili. Mume wangu ndiye mshiriki wao. Mama mkwe amezungumza na mchungaji, na mchungaji, mtu mwema kweli, amesema nije Jumapili tatu tu, atasaini.

Mume wangu haoni tatizo. Kwake mke ni wa nyumba ya mumewe, na nyumba hiyo ina kanisa moja, kwa hiyo hakuna uongo. Nilimkumbusha kwamba tulipooana parokiani niliahidi mbele ya padri kufanya niwezalo watoto wabatizwe Kikatoliki, naye alikaa pale akasikia na akakubali. Mapasa walibatizwa. Mama mkwe hakuja. Alisema mguu unamuuma, na jioni yake akaonekana harusini Kamalondo. Miaka sita jambo hilo limelala. Naogopa nikienda Jumapili tatu kwa ajili ya dola 330, Jumapili ya nne nitaulizwa watoto wako wapi.

Kuna na jingine, ambalo mume wangu simlaumu kwa kutolijua. Yule muuguzi aliyekisifu chuo alinieleza punguzo lilikotoka. Kanisani kwao kuna sadaka ya chuo. Mama yake anauza ndagala soko la Kenya (Kenya yetu, komuni, siyo ile ya Nairobi), na amekuwa akiitoa sadaka hiyo miaka kumi, akiwaza watoto wake. Punguzo la binti yake ni samaki wa mama yake. Langu litakuwa samaki wa nani? Nilipomwambia mume wangu hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema naye ametoa sadaka hiyo tangu akiwa kijana kabla hajanioa. Hilo ni kweli pia, na ndilo linalonichanganya.

Kwa hiyo nawaomba mnisaidie mambo haya. Mliosoma masta kwenye chuo cha kanisa ambacho si lenu: je, kuna aliyekwenda kwa uongozi akasema waziwazi, mimi si mshiriki, mume wangu ndiye, naomba mnipunguzie kwa jina lake? Walikujibuje? Mimi sijathubutu, nikihofia wakikataa barua ya mchungaji nayo itakuwa imeharibika.

Wenye lisansi ya zamani, mliingizwa mwaka gani, na mliandikiwa hayo au mliambiwa mdomoni tu? Kuna aliyeanza masta kabla hati ya programu haijatoka Kinshasa, na diploma yake baadaye ikaidhinishwa?

Na wanawake mlioolewa nje ya kanisa lenu, nyie hamhitaji kuwa mmesoma masta. Niambieni tu mama mkwe anaambiwaje hapana ambayo ataimeza. Kumwambia kwamba mguu unaniuma siwezi, hiyo ni yake.

Wa kuniambia "subiri mwaka ujao" nawashukuru mapema, lakini likelemba haisubiri: fedha ikikaa nyumbani kwangu hadi Januari itakuwa imeshageuka sare za shule na dawa. Tranchi ya kwanza inafungwa tarehe 15. Barua imeshapigwa chapa, mume wangu ameiweka kabatini ndani ya bahasha ile ile yenye kadi za ubatizo za watoto, nadhani bila kufikiri. Nafasi ya jina bado ni nukta nukta.

Mama Mapasa,
Katuba, Lubumbashi