Shukrani za Familia kwa Kumsindikiza Mume, Baba na Babu Yetu

Sisi, familia ya marehemu baba yetu, mshonaji wa nguo ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina moja tu la Fundi, tunatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani, marafiki na wateja wake wote mliosimama pamoja nasi tangu alipolazwa hadi siku tulipomlaza katika nyumba yake ya milele. Ameondoka akiwa na umri wa miaka 74, ameacha mjane, watoto 5 na wajukuu 13.

Hatuwezi kumfikia kila mmoja kwa jina, na pengine ni heri, kwa kuwa orodha ya majina haikosi kumsahau mtu mmoja ambaye ndiye hasa hakustahili kusahauliwa. Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia katika siku zake 12 za mwisho wodini, wakitueleza kwa lugha tunayoielewa kila kilichokuwa kikiendelea. Tunawashukuru viongozi wa dini waliomwombea na kuongoza mazishi, waliotoa michango, walioazima magari yao kwa ajili yetu, waliopiga simu kutoka mbali, na waliokaa kimya kando yetu walipoona kwamba maneno yamekwisha. Zaidi ya wote tunawashukuru majirani wawili, akina mama, mliopokezana kukaa na mama yetu usiku na mchana wakati sisi watoto tukiwa hospitalini. Kwa ajili yenu tulikuwa na jibu la swali ambalo baba hakuchoka kutuuliza akiwa kitandani: “Nani yuko na mama yenu?”

Swali hilo halikuanzia wodini. Walikaa katika ndoa miaka 46, na 9 ya mwisho baba aliishi kwa kufuata saa za mama, baada ya kiharusi kumpooza mama upande wa kulia na kumwondolea sehemu kubwa ya maneno yake. Miezi ya mwanzo alikuwa akimgeuza kila baada ya saa 2, usiku kucha, ili asipate vidonda vya kulala upande mmoja, na tulipoomba kushika zamu alitukubalia mchana tu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomfundisha kwamba mkono uliopooza huingia kwanza katika nguo na hutoka mwisho, alimsikiliza kama mwanafunzi, kisha akarudi nyumbani na kuyatoa kabatini magauni yote ya mama. Aliyafumua moja baada ya jingine, akaipanua mikono, akaushona uwazi wa mgongoni ukafungika, akaleta vifungo mbele, bila kazi yote hiyo kuonekana kwa nje. Mama aliendelea kuvaa nguo zake zilezile walizochagua vitambaa vyake pamoja, wala hakuna mgeni aliyewahi kutambua kwamba zilibadilishwa kwa ajili ya mgonjwa. Kati ya kazi zote alizowahi kushona, sisi tunaiweka hiyo mbele.

Lipo jambo ambalo tumekubaliana kulisema wazi, ingawa si kawaida ya salamu kama hizi. Kwa karibu mwaka mzima baba alikuwa halali tena kitandani. Alilala ameketi kitini kando ya kitanda cha mama, mito miwili mgongoni, nasi tuliyasifu mapenzi yake hata tukawasimulia wengine. Alipolazwa ndipo daktari alipotueleza kwamba moyo unaposhindwa kusukuma damu ipasavyo, maji hujikusanya mapafuni, na mgonjwa akilala chali hukosa pumzi, lakini akiketi hupata nafuu. Miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya suruali ambazo, kama tulivyogundua baadaye, alikuwa amejipanulia mwenyewe kimyakimya. Hatusemi kwamba alitudanganya. Tulipomuuliza kwa nini halali kitandani, alijibu kwamba pale kitini anamsikia mama vizuri zaidi, na hilo nalo lilikuwa kweli. Mapenzi na ugonjwa vilikaa kwenye kiti kimoja, nasi tukaona kimoja tu. Kwa wale mliotuuliza msibani kwa nini alichelewa kupelekwa hospitali, jibu letu ni hilo, na hatuna wa kumlaumu.

Kwa sisi watoto wake hakuwa mtu wa kubembeleza. Mapenzi yake yalikuwa kwenye upindo. Nguo zetu za shule zilikuwa na upindo mpana, uliokunjwa mara mbili, na kila mwaka aliufumua kidogo na kuuteremsha, hata mstari wa upindo wa zamani ukabaki kwenye kitambaa kama alama ya kimo cha mwaka uliopita. Tuliuonea haya mstari huo mbele ya wenzetu, na siku moja mmoja wetu akathubutu kumwambia. Hakukasirika wala hakujibu. Alichukua pasi na kitambaa kibichi, akakaa na nguo zile hadi karibu na saa 6 usiku, na asubuhi mstari ulikuwa umefifia mno hata tukalazimika kuutafuta.

Wajukuu walipata mtu mwingine kabisa. Sisi tulikatazwa hata kuugusa mkasi wake; wao aliwaachia chaki zote, wakamchorea meza, naye akakatia nguo za watu juu ya michoro yao. Katika daftari lake la vipimo kila mjukuu ana ukurasa wake: bega, kifua, urefu wa mkono, mwaka baada ya mwaka. Wa mwisho, ambaye bado ananyonya, ana mstari mmoja tu. Ukurasa wa mama ndio wa kwanza, na umeendelea kwenye karatasi zilizobandikwa kwa gundi nafasi ilipokwisha. Katika miaka ya karibuni mkono wa kulia una kipimo chake peke yake, kwa kuwa ulikuwa umekonda kuliko wa kushoto, naye hakutaka upwaye ndani ya nguo.

Limebaki suala la kazi alizoziacha. Wateja wake mnajua kwamba “njoo kesho” ya baba ilikuwa na kesho nyingi, na huo ni udhaifu ambao hata sisi hatuwezi kumtetea. Tumekuta nguo 17 katika chumba chake cha kazi, kila moja ina karatasi ya jina la mwenyewe iliyobanwa kwa pini, na kati ya hizo, 11 zimekamilika. Zilizosalia zinamaliziwa na mdogo wetu aliyejifunza kazi mikononi mwake, kwa vipimo vilevile alivyoviandika baba. Wenye nguo zilizokamilika mnakaribishwa nyumbani kuzichukua, na ambao hamkuwa mmemaliza malipo, hatudai kitu. Wenye nguo ambazo bado, tunawaomba mtuvumilie wiki chache, na safari hii tutawapigia simu wenyewe.

Ni sisi, mjane, watoto, wakwe na wajukuu.