Shemeji aliziba tundu, sasa oili imeingia kwenye klachi

Mzee wetu, shikamoo.

Shemeji yangu, ambaye ni fundi, aliziba lile tundu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi, na mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo. Wewe umezishika Land Rover hizi za zamani miaka yote, unajua tundu ninalolisema: lile dogo la chini kabisa, kwenye kasha linalofunika flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linaloshikwa na klachi, ambapo oili ikivuja humo ndani inapata pa kutokea. Linatakiwa liwe wazi. Kizibo chake unakifunga ukitaka kuvuka mto wenye maji mengi, ukishavuka unakitoa. Marehemu baba alikuwa anakiviringisha kwenye kitambaa na kukiweka ndani ya sanduku la spana, na mpaka leo kimo humo. Jana jioni nimelala chini ya gari na tochi ya simu, nakuta tundu limekazwa bolti. Bolti ya kuokota tu, imepakwa silikoni ya bluu mpaka inachuruzika pembeni.

Kumbe ndiyo maana gari lilikuwa halidondoshi.

Ni Land Rover 109 ya mwaka 1978, ya petroli. Kabla halijaenda gereji lilikuwa linatoa matone usiku, nami nilikuwa nalitandikia kadibodi na kuongeza oili kila nikipima. Hakuna siku niliyoliwasha bila kuvuta kijiti na kuangalia, na hilo hata utingo wangu atakuambia. Shemeji ndiye aliyeniambia sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili ya injini isipite kwenda kwenye klachi, imekufa, nisingoje, nikingoja nitaua klachi. Nikamsikiliza. Nilimpa shilingi 350,000 za ufundi, mbali na sili niliyoagiza Dar ikaja na basi. Waliniambia ipo kopi na ipo orijino, nikalipia orijino. Sehemu ya pesa ile mke wangu aliitoa kwenye kikoba, na bado tunairudisha. Kwa hiyo mtu asije akasema mwenye gari alibana pesa ndiyo maana kazi ikawa mbovu.

Gari likarudi kavu. Niliamka asubuhi nikakuta kadibodi haina hata tone, nikampigia simu kumshukuru, nikampelekea na mkungu wa ndizi. Nilimsifia kwa madereva wenzangu pale stendi. Hilo nalo linaniuma sana, maana wapo waliopeleka magari kwake kwa maneno yangu.

Halafu klachi ikaanza kuteleza. Unaijua ile barabara kutoka Mombo kupanda Soni, ukishaingia kwenye kona hakuna pa kupumzika. Nilikuwa nimepakia saruji na abiria wawili mbele. Nakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi. Harufu ya klachi ikajaa ndani mpaka mama mmoja akaomba kushuka. Tukaegesha, tukatia mawe kwenye magurudumu, nikashusha nusu ya mzigo. Nikampigia shemeji palepale. Akaniambia mimi ndiye ninayeweka mguu juu ya klachi ninapopanda. Mimi! Barabara hiyo naipanda tangu baba yuko hai, tena klachi iliyokuwamo niliiweka mwenyewe na ilidumu.

Sasa jana nilipofungua ile bolti ilimwagika oili ya kujaza sufuria. Nilikuwa nimesikia kwamba huenda inatoka gia boksi, kwa sili ya mbele ya gia, kwa hiyo niliipima kwa vidole na kuinusa. Ya gia ni nzito na ina ule uvundo wake. Hii ni nyepesi, nyeusi, ni ya injini kabisa. Ilikuwa inakusanyika humo haina pa kutokea, flaiwili inairusha, klachi pleti inaogelea. Pleti ikishalowa oili unajua mwenyewe, hakuna cha kuiosha ikarudi kama mwanzo.

Dereva mwenzangu mmoja ananituliza, anasema nisimlaumu fundi haraka, huenda sili ni nzuri ila vipumulio vya injini vimeziba, basi hewa inajaa chini na kuisukuma oili ipite popote inapoweza. Nilikifungua kile kifuniko cha kujazia oili chenye wavu ndani, kweli kilikuwa kichafu, nikakiosha kwa petroli. Mwingine anasema ni zile gasketi mbili ndogo za umbo la T zinazokaa ubavuni mwa bearing ya nyuma, kwamba fundi asiyezijua akizikata vibaya oili inapita pembeni hata sili iwe mpya. Yote hayo nayakubali. Fundi anaweza kukosea kufunga sili, ni binadamu. Lakini bolti haikujifunga. Mtu aliyeifunga alijua oili bado inavuja, akaona akiziba mimi sitaona.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Kuifikia sili ile, nijuavyo mimi, lazima gia boksi itoke kwanza, na gia boksi ya 109 inatolewa kwa ndani, si ndiyo? Unatoa viti, unatoa sakafu, ndipo unaifikia. Baada ya kuiona ile bolti nilipanda ndani na tochi ile ile. Skrubu za sakafu upande wa abiria zina rangi ya kijani juu yake, ile aliyoipaka baba kwa brashi, imejaa mpaka kwenye mifereji ya bisibisi. Haijabanduka. Hakuna bisibisi iliyoingia pale. Nimeziangalia tena usiku huu, nikarudi kitandani, nikaamka nikaziangalia tena.

Mke wangu anasema niliache. Anasema ni kaka yake mkubwa, ndiye aliyesimamia harusi yetu, ndiye aliyetuuguzia mtoto tulipokuwa hatuna kitu, na gari ni chuma tu. Namheshimu shemeji, na sijawahi kumvunjia heshima. Pesa yangu siitaki. Ila pleti mpya lazima niinunue, na kushusha gia boksi nitalipa tena kwa fundi mwingine huko Korogwe, na kikoba hakijaisha, kwa hiyo angalau ile ya ufundi arudishe. Kuna mtu ameniambia ataninunulia gari kama lilivyo. Nimemwambia hili haliuzwi, ni la baba. Lakini na wewe niambie, gari la namna hii, bodi nzima, chasisi haina kutu, linaweza kufika bei gani siku hizi?

Wapo wanaosema gari la zamani lazima livuje. Livuje, mimi nililizoea na kadibodi yangu. Matone yale niliyaona na kuyapima. Yeye ameyaficha mahali ambapo yangetuua sisi na abiria kwenye kona za Soni.

Mzee wetu, ninachokuomba ni hiki. Kuna njia yoyote ya kubadilisha sili ile ya nyuma bila kutoa gia boksi na bila kugusa sakafu? Labda kwa chini, kwa kushusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, au kwa ujanja ambao nyinyi mafundi wa zamani mnaujua. Kama ipo nijibu haraka, nitashukuru kuliko unavyodhani. Kama haipo, basi niambie nimwendee vipi, maana Jumapili kuna hitma ya mama mkwe, atakuwepo, na mimi ndiye ninayetegemewa kubeba wageni.

Wako msomaji,
Mwenye 109, Lushoto