Wakili mwenye matbaa

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia: ilikuwaje wakili wa mji mdogo wa Kansas, Marekani, miaka ya 1880, awe tena mhariri wa gazeti? Jibu ni njaa. Kesi zilikuwa chache, na mteja aghalabu alilipa kwa kuni au mahindi. Fedha taslimu liliileta gazeti, nalo likaitoa kwenye matangazo yaliyodaiwa na sheria.

Uwakili wenyewe haukudai chuo. Kijana alikaa ofisini kwa wakili mzee akinakili hati na kusoma vitabu vyake, kisha akahojiwa na kupitishwa.

Sasa tazama ardhi. Mlowezi aliyechukua ekari 160 chini ya sheria ya 1862 ya kuwagawia walowezi ardhi ya serikali aliishi na kulima pale miaka 5 ndipo adai hati ya umiliki. Tangu 1879 ilibidi kwanza nia yake itangazwe pamoja na majina ya mashahidi, mara moja kwa wiki kwa siku 30, katika gazeti lililo karibu zaidi na shamba. Ndiyo maana magazeti yalichipuka hata penye nyumba za kuhesabika. Ongeza matangazo ya mirathi na minada. Mwishoni lilitakiwa kiapo cha maandishi kwamba tangazo lilitoka, na tarehe zake. Toleo moja likirukwa, au tarakimu ya kipande cha ardhi ikikosewa, dai lilikwama. Hapo jicho la wakili lilikuwa na bei.

Gazeti lilikuwa shiti moja lililokunjwa, kurasa 4. Wahariri wengi walinunua shiti zilizokwisha kuchapwa upande mmoja katika mji mkubwa, hadithi na matangazo ya dawa tele. A. N. Kellogg wa Baraboo, Wisconsin, ndiye aliyeueneza mtindo huo, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, kumnyang'anya wachapaji. Zilibaki kurasa 2 za kupanga herufi za madini ya risasi mojamoja, kichwa chini. Matbaa ya mkono ilitaka watu wawili, mmoja wa wino, mmoja wa karatasi: shiti 200 hivi kwa saa. Rola za wino zilifinyangwa kwa gundi na molasi. Joto liliziyeyusha, baridi ilizifanya ngumu, na panya walizila!

Pato jingine lilikuwa siasa. Mhariri aliyempigia debe mshindi alitazamia cheo, mara nyingi upostamasta. John L. Waller, aliyezaliwa mtumwa Missouri, akawa wakili 1877 na kuhariri magazeti ya watu weusi Kansas, alifika mbali zaidi: mwaka 1891 Rais Benjamin Harrison alimtuma Tamatave, Madagaska, awe konsuli, yaani mwakilishi wa Marekani huko. Muda wake ulipokwisha alipewa ardhi kubwa na serikali ya kifalme ya huko. Wafaransa, waliokuwa wakiivamia nchi, hawakulipenda hilo. 1895 mahakama yao ya kijeshi ilimfunga miaka 20. Serikali ya Marekani ilimwombea, akatoka 1896.

Ukitaka kumfuatilia Waller, anza na gazeti la American Citizen, Topeka, 1888.

Baba yako