Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fotokopi, Ada na Mali za Vyuo Vyetu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha vyuo vya umma na vya binafsi, assalaam aleikum. Semina mbili, ziara ya mji wa Hindi na maziko tuliyohudhuria mnayajua; sirudii.

Nitakaa kwenye mashine ya fotokopi iliyonunuliwa na chama, maana ndiyo iliyonung'unikiwa barazani katika mitaa ya Lamu, tangu Langoni hadi Mkomani. Wenzetu wa vyuo vya binafsi wanadai nilikawia kusudi: wiki saba kwa mashine moja, ilhali kwao mkurugenzi hutia saini hundi asubuhi, na jioni mzigo uko gatini Mokowe, upande wa bara. Ni kweli. Lakini pesa zile ni za chama, si za mkurugenzi. Nilifuata mwendo wa vyuo vya umma chini ya Sheria ya Ununuzi ya Kenya ya 2015: kotesheni, yaani bei za wauzaji, zisizopungua tatu, kamati ya kukagua na kupokea, kisha mali iingie stoo kwa fomu S13, ya kupokea, na kila rimu ya karatasi itoke kwa S11, ya kutoa. Anayepokea si anayetoa. Penye saini moja tu, daftari la stoo huandikwa mwisho wa muhula, kwa kukisia. Kati ya bei ya juu na ya chini palikuwa na tofauti ya Sh11,000, na aliyeshikilia zote zisomwe ni mwenyekiti wenu.

Umma nao una donda lake, sikatai. Drumu ya mashine ikikwaruzika, mpya husubiri kotesheni zile zile. Mashine iliyokufa haitupwi mpaka kamati ya uondoaji mali ikae. Ndiyo stoo zikajaa vyuma vya kutu, na chaki hazina pa kuwekwa. Cha binafsi huuza chakavu siku hiyo hiyo. Tabu yake ni mfuko mmoja: mshahara wa mkufunzi, dizeli ya jenereta na wino vyote hungoja karo. Karo ikichelewa, hukatwa wino kwanza. Mkufunzi wa umma hulipwa na serikali, kwa hivyo mshahara wake haugombanii karo na wino.

Na wanaosema karatasi ziliharibika kwa sababu ya kuchelewa kwangu, wamekosea. Ziliwekwa sakafuni, zimeegemea ukuta, msimu wa Kusi. Karatasi iliyovuta unyevu hukwama kwenye roli hata mashine iwe mpya. Rimu zikae juu ya mbao, shubiri moja mbali na ukuta, na ifunguliwe moja tu. Ikiisha ndipo ya pili.

Mikutano minne, akidi ilitimia mara moja. Wanachama 43, waliolipa ada kamili 17. Katika waliopiga kelele zaidi kuhusu fotokopi, wawili tu wamo katika hao 17. Ada Sh34,000, akiba ya nyuma Sh71,000, matumizi ya mashine, rimu na nauli ya mashua Sh96,500, salio Sh8,500.

Mwakani, inshallah, tutatazama habari ya sola, na pengine daftari la stoo la namna moja kwa vyuo vyote, uwezo ukiruhusu.

Ada apewe mweka hazina, kwa risiti. Mtu asinishike njiani kunipa pesa mkononi.