Barua kwa Yaya Kalenga kuhusu drezini yake

Lubumbashi, Kamalondo

Yaya Kalenga,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku wote wazima, mvua zimeanza, na mama anauliza kama huko Iowa baridi imeshaingia. Picha za drezini uliyonunua, kile kigari kidogo cha injini kinachotembea kwenye reli, nimezipata. Ni Fairmont M19 ya kweli, na umepata bahati kuwa nayo jirani na kwao: kiwanda kilikuwa katika mji wa Fairmont, Minnesota, karibu kabisa na mpaka wa Iowa.

Umeandika kwamba utaanza na injini, halafu rangi ya njano, na magurudumu utayaangalia mwishoni. Nakuomba ugeuze mpango huo. Injini ikikataa, unabaki umesimama mahali ulipo. Gurudumu au breki ikikataa, unarushwa kwenye kokoto na mashine inakuja nyuma yako. Drezini ni nyepesi, haina uzito wa kuilaza kwenye reli kama behewa, na kila kosa la chini linaonekana juu mara moja.

Kabla ya yote, ile ekseli uliyouliza kama ninaweza kukutafutia huku, isahau. Njia yetu tangu ilipofika hapa mwaka 1910 ina upana wa milimita 1,067, na ya huko ni 1,435. Hata fremu za drezini za huku ni nyembamba. Tafuta vipuri hukohuko, viko vingi, kwa sababu kampuni za reli za Marekani ziliuza drezini zao baada ya kuhamia kwenye malori yenye magurudumu ya reli.

Sasa magurudumu. Ni ya chuma cha bamba kilichokandamizwa, yamefungwa kwenye kitovu kwa bolti, na ufa huanzia kwenye matundu ya bolti hizo. Usiamini macho peke yake. Sugua rangi yote kwa brashi ya waya kuzunguka kitovu, paka mafuta ya taa, yaache nusu saa yaingie, futa mpaka pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya ule weupe. Gurudumu lenye mstari huo halichomelewi, linatupwa. Chuma hicho chembamba kikichomelewa hukakamaa kandokando ya weldi, na ufa mwingine huanzia hapohapo.

Kisha angalia ukingo, ule mdomo wa ndani unaolishika gurudumu kwenye reli. Ukiwa umelika hadi kuwa na makali, haifai kutembea nao, kwa sababu kwenye pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, ukingo mkali huingia kati ya ulimi, ile reli iliyochongwa inayosogezwa, na reli ya pembeni, na kupanda juu. Ukiona umelika upande mmoja tu wa drezini, gurudumu jipya peke yake halitamaliza shida, maana ekseli zako haziko sambamba. Pima kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, legeza vishikio vya beringi na uzinyooshe. Pima pia nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja, ukizungusha robo kila mara, vipimo vinne. Vikitofautiana, ekseli imepinda au gurudumu halijakaa sawa kwenye kitovu chake. Ekseli iliyopinda haionekani kwa jicho, lakini ukitembea utaisikia drezini ikitikisa kichwa kwa mdundo uleule, na ukiongeza mwendo mdundo nao unaongezeka.

Beringi zitoe zote, zioshe kwa mafuta ya taa, uziache zikauke zenyewe. Usizipulizie hewa ya kompresa huku zikizunguka. Kama drezini ilikaa nje miaka mingi, utakuta alama za kutu zimepangika kwa nafasi sawa ndani ya bakuli la beringi, pale kila rola ilipokuwa imelala. Alama ikishikika kwa ukucha, badilisha rola pamoja na bakuli lake, kamwe usichanganye kipya na cha zamani. Ukifunga beringi za koni, kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, rudisha kidogo mpaka liwe huru na mchezo wake, yaani kule kutikisika kidogo, usikike kwa shida mkononi. Baada ya kilomita chache za kwanza simama, gusa vitovu vyote vinne kwa mgongo wa mkono. Kilicho moto kuliko wenzake kimekazwa mno au hakina grisi.

Kuna jambo moja la magurudumu ambalo watu wengi hulipita. Magurudumu ya drezini huwekewa kihami ili umeme wa ishara ulio kwenye reli usipite kutoka reli moja hadi nyingine kupitia ekseli. Inua drezini kwa jeki, magurudumu yasiguse reli, na upime kwa mita ya umeme kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Mita isisome njia yoyote. Kihami kikikosekana, au ukisahau washa moja ya faiba, ile pete bapa ya kuhami chini ya bolti, unaweza kuwasha taa nyekundu za njia na kengele za vivuko bila sababu. Lakini elewa na upande wa pili: ukiwa na kihami kizuri, ishara za reli hazikuoni kabisa. Hakuna taa itakayokulinda mbele wala nyuma. Kinachokulinda ni ruhusa ya mwenye njia peke yake, iliyoandikwa, yenye saa na mahali. Hakikisha unayo mkononi kabla drezini haijagusa reli.

Breki ndizo zingenikalisha muda mrefu kuliko kitu kingine. Ng'oa vyuma vyote vya kuunganishia, toa kila pini. Utakuta matundu yamekuwa mviringo wa yai. Mchezo wa milimita moja kwenye kila pini unaonekana mdogo, lakini leva inauzidisha, na ukiunganisha pini sita unavuta mkono nusu ya safari yake bila kiatu cha breki kugusa gurudumu. Toboa matundu yawe makubwa, weka bushi, tia pini mpya. Halafu rekebisha viatu vyote viguse magurudumu kwa wakati mmoja, vikiwa na nafasi ya kama milimita 3 vikiachiliwa. Kimoja kikitangulia, gurudumu lake linafunga na kuburuzwa, na baada ya mita chache lina ubapa. Gurudumu lenye ubapa litakupigia nyundo kwenye fremu siku zote.

Nikupigie hesabu ili uone kwa nini nasisitiza. Chukua breki nzuri, reli kavu, mwendo unapungua mita 0.8 kwa sekunde kila sekunde. Ukiwa kwenye kilomita 20 kwa saa utahitaji kama mita 19 kusimama. Kwenye kilomita 40 ni mita 77, maana mwendo ukizidishwa mara mbili umbali unazidi mara nne. Reli ikiwa na umande au majani yaliyokanyagwa, nguvu ya breki ikashuka nusu, zile 77 zinakuwa 154. Na hapo sijahesabu muda wa wewe kuona na kuvuta leva.

Mbao za sakafu na fremu sitazizungumza sana. Chokoa kwa bisibisi karibu na kila bolti, kwa kuwa maji hukaa hapo. Ikizama, badilisha ubao mzima. Huku tungetumia mulombwa, huko mwaloni unafaa. Paka rangi ndani ya matundu kabla ya kupitisha bolti, na weka washa pana.

Haya, sasa injini. Ni silinda moja ya mipigo miwili, na kwa sababu karteri, lile sanduku la chini linalobeba kranki, ndilo linalosukuma mchanganyiko wa hewa na petroli juu, likivuja hewa injini haitakusikiliza hata ungefanya nini kwenye kabureta. Sili na gasketi za chini zije kwanza. Kama pistoni imeganda, usiipige nyundo. Toa bujii, mimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, acha siku kadhaa, jaribu kuizungusha kidogo mbele na nyuma, ongeza tena. Ukiifungua, angalia ringi: kila moja ina kijipini kinachozuia midomo yake isizunguke na kunaswa kwenye tundu la silinda. Pini ikikosekana, ringi itavunjika. Tundu la moshi nalo kwangua masizi kwa kijiti cha mti mgumu, si kwa chuma. Injini nyingi zinazosemwa zimechoka zimezibwa hapo tu.

Petroli nyingi ya huko Iowa ina pombe ya mahindi, na hilo ndilo litakalokusumbua kwenye kabureta. Boya la zamani ni la koki, ile gome nyepesi ya kutengenezea vizibo, iliyopakwa shelaki, aina ya vanishi, na shelaki huyeyuka kwenye pombe. Koki ikikosa ganda hunywa petroli, inazama, kabureta inafurika, karteri inajaa, na wewe unadhani ni umeme. Weka boya la shaba, au tafuta petroli isiyo na pombe. Chini ya karteri kuna koki ya kumwagia. Ukishindwa kuwasha baada ya kuzungusha mara nyingi, ifungue kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Kuhusu mafuta ya kuchanganya, fuata kibao cha mashine. Kisiposomeka, anza na lita 1 ya mafuta kwa lita 16 za petroli.

Umeme wake unajieleza wenyewe ukiusikiliza. Betri ya volti 6, koili inayotetemeka, na kigawio cha cheche kinachozunguka na kranki. Zungusha kranki polepole kwa mkono: kigawio kikigusa, koili lazima ilie. Isipolia, tatizo liko kwenye betri, waya, kigawio au ncha za koili. Zisugue ncha kwa tupa laini. Ikilia bila cheche kwenye bujii, badilisha bujii na waya wake mzito. Ikilia huku ncha zenyewe zikitoa cheche kubwa za buluu, kapasita ya ndani imekufa na ncha zitaungua haraka.

Injini hii haina gia ya kurudi nyuma. Unaizima na kuiwasha izunguke upande mwingine, na leva ya cheche ndiyo inayoamua. Kwa hiyo kabla ya kushika mpini wa kuwashia, chelewesha cheche, legeza mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, na weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine. Cheche ikiwahi, mpini unarudi kwa nguvu ya kuvunja mkono. Mkanda ule bapa ukiteleza, uoshe na uukaushe, ukaze. Usiupake dawa za kunata, zinakusanya vumbi na siku ya pili unateleza zaidi.

Na hili mtu wa Katanga hawezi kulifikiria peke yake: maji ya kupoza yamo kwenye koti la chuma linalozunguka silinda, hayana rejeta. Yakiganda usiku yanapasua chuma. Kabla ya baridi ya kwanza fungua koki ya maji, subiri mpaka yaishe, chokoa koki kwa waya kwa kuwa tope huziba tundu na kukudanganya kwamba pamekauka, kisha uiache wazi mpaka mwezi wa nne.

Ukiwa njiani, pointi zote zipite mwendo wa mtu anayetembea, na pale reli mbili zinapokatana ndani ya pointi, gurudumu dogo kama lako huanguka kwenye pengo ambalo behewa halilioni. Kwenye vivuko vya barabara simama, mmoja ashuke na bendera. Kengele haitalia kwa ajili yako. Mkitembea kwa msafara acha mita 100 hadi aliye mbele, na kwenye mteremko zaidi. Kwenye mteremko mrefu usifunge petroli moja kwa moja huku injini inazungushwa na mkanda: mafuta ya kulainisha yanaingia pamoja na petroli, ukiifunga unazungusha pistoni kavu. Fungua kidogo kila baada ya muda mfupi, na mwendo uushike kwa breki tangu juu, si katikati.

Nitumie vipimo vya migongo ya magurudumu, vyote vinne kwa kila ekseli, na picha ya ukingo wa kila gurudumu kutoka ndani. Upana wa mkanda pia, na urefu wake uupime injini ikiwa katikati ya reli zake za kusogelea.

Msalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako,
Mwamba