Salamu za Krismasi, na wapagazi ambao hawakurudi nyumbani

Wazazi wangu, ndugu, jamaa na marafiki, Krismasi njema. Mliokwisha kufika nyumbani, pokeeni salamu hizi mkiwa mmezungukwa na watoto na sufuria za pilau. Mlio bado njiani, kwenye mabasi ya usiku, kwenye treni na kwenye foleni za kivuko, Mungu awafikishe salama. Manesi wa zamu, walinzi, madereva na wapishi ambao leo mko kazini ili sisi tule na kupumzika, shikamooni na asanteni.

Desemba ni mwezi wa kurudi kwetu. Mtu atabana matumizi mwaka mzima apate nauli ya kwenda kumwona mama. Ndiyo maana kila msimu huu moyo wangu huenda kwa watu waliotolewa vijijini mwetu miaka ya 1914 hadi 1918, wakaambiwa wabebe mizigo ya vita, na Krismasi ikaja ikapita bila wao kurudi. Vita Kuu ya Kwanza tumefundishwa shuleni kama ugomvi wa Wazungu ulioanzia Sarajevo. Ni kweli ulianzia huko. Lakini uliingia mpaka jikoni kwa bibi zetu, na naomba leo mnipe nafasi niwaeleze ulivyoingia.

Nianze na Krismasi ya kwanza ya vita hivyo, 1914. Vijana wengi wa Ulaya walikuwa wameondoka Agosti wakiamini watakuwa wamerudi kabla ya sikukuu. Desemba iliwakuta ndani ya mahandaki yenye matope, mstari mmoja kutoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi. Papa Benedicto wa 15 aliomba silaha zinyamaze angalau siku ya Noeli. Wakuu hawakukubali. Hata hivyo usiku wa mkesha, upande wa Ypres kule Ubelgiji, askari wa Kijerumani waliweka mishumaa na miti midogo ya Krismasi kwenye kingo za mahandaki yao wakaanza kuimba, na Waingereza wakaitikia kutoka ng'ambo. Kulipokucha wakatoka, wakakutana katikati, wakapeana tumbaku na vifungo vya makoti, wakazika maiti zilizokuwa zimelala pale kwa wiki kadhaa. Haikuwa kila mahali. Kuna sehemu watu waliuawa siku hiyohiyo. Krismasi zilizofuata makamanda walitoa amri kali jambo hilo lisirudiwe.

Na vita vyenyewe vilikuwa vimeshahama mikononi mwa askari, vimehamia viwandani. Aprili 1915, palepale Ypres, Wajerumani wakafungulia gesi ya klorini ikaelea na upepo mpaka kwenye mapafu ya watu. Kabla ya shambulio la mto Somme, tarehe 1 Julai 1916, Waingereza walipiga makombora takriban milioni moja na nusu kwa muda wa wiki moja. Askari wao walipotoka kwenye mahandaki, bunduki za rashasha za Wajerumani zilikuwa bado nzima, na siku ile moja jeshi la Uingereza likapoteza watu 19,240 waliokufa. Makombora yalitengenezwa mchana na usiku, mengi kwa mikono ya wanawake, yakapakiwa kwenye treni na malori yakapelekwa mbele. Nchi isiyo na viwanda na reli haikuweza kuendelea kupigana vita vya namna ile.

Huku kwetu reli zilikuwa chache. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Wenyeji wa Kigoma, Kasanga na Kalemie watanielewa nikianza na ziwa. Wajerumani walikuwa wameshika Ziwa Tanganyika kwa meli zao. Ili kuwanyang'anya, Waingereza walisafirisha boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa treni mpaka Katanga. Reli ilipoishia, boti zikavutwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kupanda milima ya Mitumba, Wakongo wakikata njia na kujenga madaraja mbele yake. Maji ya kuendeshea zile mashine yalipopungua, wanawake wa vijiji vya huko ndio walioyabeba. Naomba msome sentensi hiyo tena. Injini ya chuma kutoka Ulaya ilipanda mlima kwa maji yaliyobebwa kichwani na mama wa Kikongo.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 1915, siku moja baada ya Krismasi, Waingereza wakiwa kwenye sala pale ufukweni karibu na Kalemie, meli ya Wajerumani iitwayo Kingani ikaonekana inakuja. Boti zikatoka. Muda mfupi baadaye nahodha wa Kingani alikuwa amekufa na meli imetekwa. Iliyobaki kubwa, Graf von Götzen, ilikuwa imeundwa Papenburg, ikavunjwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam ndani ya makasha na kupelekwa Kigoma kwa reli. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe, mafundi wakapaka injini zake grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ndiyo hiyohiyo Liemba. Ni wangapi kati yenu mmepelekwa kwa babu na meli ile, Desemba kama hii!

Sasa wapagazi. Bara la Tanganyika lilikuwa na mbung'o, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi kwa maelfu. Malori yalikwama mvua iliponyesha. Kusini mwa Reli ya Kati hapakuwa na reli ya maana. Kwa hiyo majenerali wa pande zote mbili, Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck na Waingereza chini ya Jan Smuts na waliomfuata, wakaegemea vichwa vya watu. Piga hesabu mwenyewe. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga na anahitaji karibu kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20 za mzigo wake, anafikisha 5. Ili askari mmoja ashibe kule mbele, inabidi watu wengi wawe barabarani nyuma yake, na wengine nyuma ya hao. Jeshi likisogea mbele, watu wanakwisha vijijini.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, idadi ya walioingizwa kwenye kazi hiyo inakadiriwa kufikia milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Tanganyika yenyewe na kwingineko. Vifo vilivyoandikwa rasmi vilizidi 95,000, na wengi wa hao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na nimonia. Mtu wa nyanda za juu aliyezoea ndizi na viazi vya kwao alishushwa kwenye joto la bondeni, akapewa posho ya unga wa mahindi ambao hakuwa na kuni wala muda wa kuupika ukaiva. Tumbo lilikataa, na safari ya kesho ilimsubiri akiwa na mzigo uleule. Wapagazi wa Wajerumani hawakuhesabiwa hata kwa kiwango hicho.

Krismasi ya 1916 iliyakuta majeshi hayo vilimani Kibata, Umatumbi. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, na wa Gold Coast, Ghana ya leo, walikuwa wakipigwa kwa mizinga, na kati ya mizinga ya Wajerumani ulikuwamo mmoja uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyoangamizwa deltani Rufiji mwaka uliotangulia. Mzinga wa meli, juu ya kilima! Uliburutwa huko na watu. Kisha mvua zikashuka mapema na kwa nguvu, Rufiji ikafurika, na chakula kikawa hakifiki.

Nyumbani nako hakukuwa salama. Ugogo, majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume kwa zamu, Wajerumani kwanza, Waingereza baadaye. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba ghalani wala mikono ya kulima. Njaa ile wazee wa Kigogo wanaiita Mtunya. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya Vita Kuu sawasawa na Somme, na naona ni makosa kwamba vitabu vingi huiweka mbali na vita.

Kuna aliyeliona hilo mapema na kulisema. Mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliandika barua gazetini mwishoni mwa 1914 akipinga Waafrika kufa katika vita ambavyo si vyao. Januari 1915 akaongoza uasi, na mapema Februari aliuawa. Wamalawi humkumbuka kila tarehe 15 Januari, sikukuu zetu zikiwa ndiyo kwanza zimepita.

Ulaya ilinyamazisha mizinga tarehe 11 Novemba 1918. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba pale Abercorn, sasa Mbala, Zambia. Falme za Urusi, Ujerumani, Austria-Hungaria na Waturuki wa Osmani zilikuwa zimeanguka au zikianguka. Koloni la Wajerumani likakatwa: Tanganyika kwa Waingereza, Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji, pembe ya Kionga kwa Wareno. Hakuna mpagazi aliyeulizwa. Kenya, ardhi ilitolewa kwa maaskari wa Kizungu waliotoka vitani, Mwafrika akavishwa kipande, yaani cheti cha kumtambulisha, shingoni, na mwaka 1922 mwanaharakati Harry Thuku alikamatwa kwa kuyapinga mambo kama hayo. Na Krismasi ya 1918, ambayo ingekuwa ya kwanza ya amani, homa kali ya mafua ilikuwa inapita nyumba hadi nyumba.

Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo tunakonunua nguo za sikukuu ndiko ilikokuwa kambi yao. Lakini majina yao hayapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Basi ombi langu la sikukuu ni hili. Mkishakula, kabla wazee hawajaenda kujilaza, waulizeni: nani wa ukoo wetu alichukuliwa vita vya Mjerumani? Alikuwa upande gani, alibeba nini, alifia wapi, alimwacha nani? Waulizeni na akina bibi, maana wao ndio wanaojua nani alilea watoto wa nani. Andikeni jina, hata likiwa la utani, na jina la kijiji. Kama kanisani kwenu kuna sala ya marehemu, litajwe. Na mwenye habari ya ukoo wake anitumie, nitaisoma yote.

Salamu za pekee ziwaendee ndugu zetu wa Kivu na Ituri, ambao Krismasi hii inawakuta mbali na mashamba yao kwa sababu ya vita vya leo. Tunawaombea mrudi kwenu mkalime. Waliofiwa mwaka huu, poleni sana. Waliojaliwa watoto, hongereni. Noeli njema kwenu nyote, na heri ya mwaka mpya.